Gari Linakuonya, Sababu Halikuambii

Kama uko nyumbani, vuta kiti. Kama uko ndani ya gari, macho yaache barabarani na masikio unipe mimi, kwa sababu mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe hasa. Na wewe uliyesimama kwenye daladala, umeshika bomba la juu, usidhani umeachwa. Dereva wako akidanganywa njia, mmedanganywa wote.

Leo tuzungumze juu ya maonyo. Si maonyo ya polisi wala ya mzee wa mtaa. Nasema maonyo ya kile kioo kilicho katikati ya dashibodi, au ya simu uliyoipachika karibu na usukani ikuonyeshe njia. Unaendesha zako taratibu, mara kifaa kinalia. Kinaonyesha pembetatu. Kinachora mstari mwekundu. Pengine kinasema maneno usiyoyaelewa. Halafu basi, kimya. Kuna nini huko mbele? Hakisemi. Nani amekiambia? Hakisemi. Habari hiyo ni ya sasa hivi au ya saa mbili zilizopita? Hakisemi.

Kwa hiyo swali langu ni moja, na nitalirudia hata ulichoke: kifaa kinapokuonya, ni nani aliyekiambia, na kwa nini wewe hukuambiwa sababu?

Tuanze na onyo ambalo wengi wenu mnalisikia kila asubuhi. Gari lako limetoka Japani, kama yalivyotoka magari mengi yanayopita bandari ya Dar es Salaam na ya Mombasa. Unawasha. Hata mkanda hujafunga, mwanamke anaanza kuzungumza. Sauti nyororo, yenye adabu, Kijapani kitupu. Anasema sentensi moja, ananyamaza. Ukizima ukawasha, anarudia ile ile. Wako watu wamenunua gari, wamekwenda nalo Moshi na kurudi, wamelitumia harusini na msibani, mwisho wakamuuzia mtu mwingine, na yule mama hawakuwahi kujua anasema nini. Watoto kiti cha nyuma wameshamkariri, wanamwigiza. Baba anasema anatusalimia. Shemeji anasema hapana, analalamika mlango haukufungwa vizuri. Mwenye wasiwasi zaidi anapeleka gari kwa fundi, na fundi, ambaye Kijapani hajui, anafungua boneti.

Sasa sikiliza vizuri. Maneno ambayo mama huyo huyasema mara nyingi kuliko mengine ni haya: kadi ya ETC haijaingizwa. Narudia, kwa faida ya aliyekuwa anapiga honi: kadi ya ETC haijaingizwa. Basi. Si mlango, si mafuta, si injini.

ETC ni mfumo wa Wajapani wa kulipia barabara za mwendo kasi bila kusimama langoni. Umeenea nchini kwao tangu mwaka 2001. Ndani ya gari kuna kisanduku kidogo kinachotosha kiganjani, chenye tundu jembamba la kupitishia kadi. Mara nyingi kimefichwa chini ya usukani, au kwenye droo ya mbele ya abiria, au juu kwenye kile kibao cha kukinga jua. Gari likikaribia lango, kisanduku na lango vinawasiliana kwa mawimbi ya redio, kizuizi kinanyanyuka, deni linaandikwa kwenye akaunti ya mwenye kadi. Dereva akiwa amesahau kadi, kizuizi hakinyanyuki. Naye amekuja akitegemea kitanyanyuka, na nyuma yake kuna lori linalotegemea vivyo hivyo. Ndiyo maana kisanduku kinamkumbusha angali nyumbani, kabla hajatoa gari.

Umeona? Kule Yokohama onyo hilo lina maana kamili, na linaweza kuokoa mtu. Hapa Mbagala halina lango la kulisubiri. Gari limepanda meli likavuka bahari, onyo likaja nalo, sababu ikabaki kule.

Na kama unataka mama anyamaze, inawezekana. Tafuta fundi umeme wa magari aliyezoea kazi hiyo, akitafute kisanduku na kuchomoa soketi yake. Gari litatembea kama kawaida, maana kisanduku hicho hakiendeshi chochote kwenye injini wala breki. Lakini achomoe, asikate. Na nyaya zenye soketi za rangi ya njano asiziguse, kwa sababu kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa, ile inayofumuka kukukinga wakati wa ajali. Usikubali kamwe kunyamazisha sauti kwa kuharibu kinga.

Hilo la kadi tumelimaliza. Sasa tuje kwenye kioo chenyewe, maana hicho kina habari yake. Ukikibonyeza kinakuletea ramani, na ramani hiyo ni ya Japani. Dar es Salaam haimo, Tanga haimo, Unguja haimo. Setilaiti zinakiambia kiko wapi duniani, lakini ramani ya mahali hapo hakina, kwa hiyo mara nyingi utaona alama ya gari imesimama peke yake kwenye rangi tupu. Watu wanakata shauri kwamba kimekufa, wanakitumia kuangalia kamera ya nyuma tu.

Mimi kioo hicho nakionea huruma, kwa sababu kule kilikotoka kilikuwa na kazi kubwa na kiliifanya vizuri. Tangu mwaka 1996 Wajapani wana mfumo uitwao VICS, ambao kazi yake ni kukusanya habari za barabara na kuzifikisha ndani ya gari. Polisi wanaleta walichonacho. Wasimamizi wa barabara wanaleta walichonacho. Kituo kimoja kinazipanga, kisha zinarushwa hewani. Zinarushwaje? Hapa mtangazaji kama mimi lazima nitabasamu, maana zinasafiri na redio. Zimepandishwa kwenye mawimbi ya FM ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, zikipita pamoja na muziki na sauti za watangazaji bila sikio kuzisikia. Nyingine zinatoka kwenye vifaa vilivyotungikwa juu ya barabara, gari linazipokea likipita chini yake. Kila baada ya dakika tano, habari zinazopita kwenye FM zinafanywa upya.

Na habari zenyewe zilikuwa na kipimo. Kwenye barabara za kawaida, magari yakienda kilomita 10 kwa saa au chini ya hapo, mstari wa ramani unakuwa mwekundu. Yakienda kati ya 10 na 20, unakuwa wa rangi ya chungwa. Kwa hiyo dereva akiona wekundu anajua kabisa wekundu ni nini. Halafu, na hapa ndipo nilipotaka tufike, juu ya ile rangi kunawekwa alama. Hapa ajali. Hapa kuna ukarabati. Hapa njia moja imefungwa. Hapa theluji, funga minyororo kwenye matairi. Rangi inamwambia dereva kwamba kuna jambo. Alama inamwambia ni jambo gani.

Mambo hayo ni mawili, msikilizaji, naomba uyatenganishe kichwani: kujua kwamba magari yamesimama, na kujua kwa nini yamesimama. La kwanza linaweza kupimwa na mashine. La pili lazima mtu aliseme.

Wengi wetu tunaamini setilaiti inatuona. Tunasema, aah, setilaiti imeona foleni Ubungo. Hapana. Setilaiti za GPS ziko juu sana, kama kilomita 20,000 kutoka hapa chini, na kazi yake ni kutuma ishara za saa sahihi na mahali zilipo zenyewe. Simu yako inapokea ishara hizo, inapiga hesabu, inajua iko wapi. Setilaiti haijui hata kama wewe upo. Haioni lori lililopinduka, haioni trafiki aliyesimama katikati ya barabara, haioni maji. Habari ya foleni inaingia kwa mlango mwingine kabisa.

Ni mlango gani? Kwa Wajapani nimekwisha kueleza. Ulaya nako, tangu miaka ya 1990, nchi nyingi zimetumia njia inayofanana na hiyo, iitwayo TMC, nayo pia inapita ndani ya mawimbi ya FM. Ila wao ujumbe wao haubebi maneno. Unabeba namba: namba ya tukio na namba ya mahali. Kifaa cha ndani ya gari kina orodha zote mbili kichwani. Kikipokea namba kinaangalia orodha, kisha kinamwandikia dereva kwa lugha yake. Mjerumani akiendesha Italia anasomewa onyo la Waitaliano kwa Kijerumani. Ni akili nzuri sana.

Lakini hebu angalia udhaifu wake. Orodha ya mahali ikizeeka, barabara mpya zimejengwa, makutano yamebadilishwa, na wewe hujasasisha ramani miaka na miaka, kifaa kinapokea namba ambayo hakina jina lake. Pengine kitalitupa onyo, usilione kabisa. Na hata orodha ikiwa mpya, kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma. Orodha ya matukio ina vipengele zaidi ya 1,000, kuanzia ajali za malori hadi barafu barabarani. Kipengele namba moja, cha kwanza kabisa, maana yake ni tatizo la magari barabarani. Tatizo. Halina jina, halina chanzo. Maana yake mtu aliyeketi kituoni, kama hajui kilichotokea au hana muda wa kuuliza, anaweza kutuma namba hiyo, na dereva kilomita mia mbali akaonyeshwa pembetatu isiyo na maelezo. Wala kifaa hakijaharibika. Kimefikisha kile kile kilichopewa.

Na nani anayehakikisha kwamba aliyetuma ndiye? Mwaka 2007 wataalamu wawili wa usalama wa kompyuta, Waitaliano, Andrea Barisani na Daniele Bianco, walionyesha kwamba ujumbe wa namna hiyo haukuwa na muhuri wowote wa kuthibitisha umetoka wapi. Kwa mtambo mdogo wa kurushia mawimbi, kifaa cha gari kiliweza kulishwa onyo la uongo na kikaliamini. Walichagua kwenye ile orodha matukio ya kutisha kama shambulio la kigaidi, na mengine ya ajabu kama mchezo wa fahali, ule ambao wenzetu wa Pemba wanaujua vizuri kwa ng'ombe wao. Kioo kikaonyesha. Dereva asiye na habari angefanya nini? Angegeuza gari.

Nakuuliza tena swali langu: kifaa kinapokuonya, ni nani aliyekiambia?

Sasa turudi nyumbani, kwenye simu. Maana hapa kwetu si TMC wala VICS inayotuongoza. Ni simu. Umefungua ramani ya Google, umeandika Kariakoo, na barabara zimejichora kijani, chungwa, nyekundu. Rangi zile zinatoka wapi? Zinatoka kwako. Zinatoka kwako wewe na kwa jirani yako aliye gari la mbele, na kwa abiria ishirini wa ile daladala. Simu zenu zinatuma habari ya mahali zilipo na zinakwenda kwa kasi gani. Kompyuta za mbali zinajumlisha: simu nyingi, barabara moja, mwendo wa kinyonga. Basi hiyo ni foleni, paka nyekundu.

Kwa kupima kasi, njia hiyo ni nzuri, na mimi naitumia. Lakini inapima simu, haipimi magari. Mwanzoni mwa mwaka 2020 msanii mmoja wa Ujerumani, Simon Weckert, aliwaonyesha watu jambo hilo kwa macho. Alichukua simu 99 zilizotumika, akazipakia kwenye mkokoteni mdogo, akauvuta polepole kwa miguu katika mitaa ya Berlin. Mtaa ulikuwa mtupu. Ramani ikauchora mwekundu. Kwa kompyuta, hayo yalikuwa magari 99 yaliyokwama. Kampuni ya Google ilipoulizwa ilijibu kwamba imeanza kutofautisha gari na pikipiki katika baadhi ya nchi, ikataja India, Indonesia na Misri.

Wewe unayeishi kwenye nchi ya bodaboda fikiria hilo kidogo. Magari yamesimama pale Mwenge, hayasogei hata hatua. Katikati yake bodaboda zinapenya, moja baada ya nyingine, kila dereva ana simu, kila abiria ana simu, zote zinatuma kwamba tunakwenda, tunakwenda vizuri. Kama mashine haijui kutenganisha, inaweza kukuchorea barabara nafuu kuliko ilivyo. Na bando lako likiisha njiani, rangi hazifanywi upya tena, wewe unaendelea kuzifuata ukidhani ndizo.

Haya, tuseme rangi ni sahihi. Tuseme ni nyekundu na kweli magari yamesimama. Bado sijatosheka, na nitakuambia kwa nini. Twende Jangwani.

Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua Jangwani, pale Barabara ya Morogoro inapokata bonde la Mto Msimbazi. Ni saa kumi na moja jioni, unatoka mjini kwenda Magomeni. Simu inalia. Mstari mwekundu umelala Jangwani. Unafanya nini?

Kama ni msafara wa kiongozi, unatulia. Trafiki wamesimamisha magari, msafara utapita, baada ya dakika chache barabara itafunguliwa, na aliyekimbilia njia ya mchepuko atakuta wenzake wamefika kabla yake. Kama ni magari mawili yamegongana, madereva wanabishana, unaweza kusubiri au kupitia njia nyingine, uamuzi ni wako. Kama ni shimo linazibwa, hilo litakuwepo hata kesho, panga safari yako ya kesho. Lakini kama mvua imenyesha huko juu na mto umefurika, maji yamepanda barabarani, hapo usisubiri wala usisogee. Geuza gari ungali na nafasi ya kugeuza. Pale Jangwani polisi wamekwisha kuifunga barabara hiyo si mara moja kwa ajili ya maji, na maji ya Msimbazi hayajali gari lako ni la bei gani.

Sababu nne, maamuzi manne tofauti. Rangi ni moja. Mtu akija usiku akagonga mlango wako kwa nguvu akapiga kelele, tokeni, tokeni, halafu akakimbia bila kusema ni moto au ni mwizi, utatokea mlango gani? Kwa mwizi utajifungia ndani. Kwa moto, kujifungia ni kufa.

Ndiyo maana nasema onyo lisilo na sababu ni nusu ya onyo. Tena lina madhara mengine, yanayokuja polepole. Siku ya kwanza unalitii. Unakata kona, unazunguka mitaa ya Kigogo, unafika umechelewa, unakuja kuambiwa ilikuwa msafara tu. Siku ya pili unalitii nusu nusu. Baada ya mwezi simu ikilia husikii tena, kama usivyomsikia yule mama wa kadi. Siku ambayo mbele kuna maji kweli, kifaa kitalia kwa mlio ule ule, nawe utaendesha kwa mazoea yale yale. Hapo nani wa kulaumiwa? Dereva? Mimi simlaumu dereva peke yake. Amefundishwa kupuuza.

Basi nani aseme sababu? Nimesema mashine inapima kasi, sababu inasemwa na mtu. Kioo cha Japani hakikuwa na akili kuliko simu yako. Simu yako ina uwezo mkubwa mara nyingi zaidi. Tofauti ni kwamba kule polisi na wasimamizi wa barabara walikuwa na mahali pa kupeleka walichokijua, na walikipeleka, kwa utaratibu, kila siku, usiku na mchana. Hapa kwetu trafiki aliyesimama Jangwani anajua kabisa kwamba ni maji. Anayaona. Mhandisi wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, anajua ni barabara gani ataifunga wiki ijayo kwa ukarabati. Wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, anajua la kwake. Dereva wa mwendokasi anajua kituo gani kimezibwa. Habari ipo, ndugu zangu, imetapakaa kwenye vichwa na kwenye simu za upepo. Kisichokuwepo ni njia ya uhakika ya kuitoa kwa aliyeiona na kuifikisha kwa anayeihitaji.

Wenzetu Nairobi wamejaribu kuiziba nafasi hiyo kwa nguvu ya wasafiri wenyewe. Wana huduma iitwayo Ma3Route, ambako mtu aliye ndani ya matatu anaandika kilichotokea na mahali kilipotokea, na maelfu wengine wanasoma. Utaona mtu ameandika lori limelala Mlolongo, tumieni njia nyingine. Si maandishi ya kitaalamu, na ya uongo hayakosekani. Lakini yana kile ambacho mstari mwekundu hauna. Yana sababu.

Na redio, je? Redio ingali na kazi hapa. Tangu zamani dereva amekuwa akipiga simu studio, anasema mimi niko Tazara, kuna ajali, trela limekatika, upande wa kwenda uwanja wa ndege haupitiki. Kwa sentensi moja ameeleza mahali, sababu na upande. Na kwa kuwa ni sauti ya mtu, msikilizaji anaweza kupima kama anabahatisha au ameona. Kwa kweli magari yenu mengi ya Japani yalikuja na redio isiyofika masafa yetu ya juu, kwa sababu FM ya kwao ilianzia 76 na kuishia 90, na nyinyi mkatoa pesa kufungiwa ekspanda ili mtusikie. Mliotoa pesa ili kutusikia mna haki ya kuambiwa habari iliyokamilika.

Sasa nina maombi, na nayaelekeza kwa wenyewe.

Ninyi mnaouza magari yaliyotumika, mnunuzi anapokabidhiwa ufunguo, mwambieni na mama wa kwenye gari anasema nini. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha: sauti hii maana yake hii, alama hii maana yake hii, hili linahusu Japani lipuuzwe, hili linahusu injini lisipuuzwe. Hayo ya mwisho ndiyo yanayonitia hofu. Mtu aliyezoea kupuuza sauti moja asiyoielewa atapuuza na taa moja asiyoielewa.

Ninyi mnaotengeneza ramani za simu, mkichora nyekundu, andikeni na saa mliyoichora, na andikeni kama sababu mnaijua au hamuijui. Neno hatujui ni neno la heshima. Dereva akiambiwa magari yamesimama, sababu haijajulikana, ataongeza umakini mwenyewe.

Ninyi askari wa usalama barabarani na wakala wa barabara, mnapofunga njia, semeni. Semeni mapema mkiweza, semeni wakati huo huo mkishindwa, na mkifungua semeni pia, maana onyo lililoisha muda nalo linapoteza watu. Maneno matatu yanatosha: wapi, kwa nini, mpaka lini. Studio zetu ziko wazi, na simu zinapokelewa.

Na wewe dereva, na wewe abiria. Ramani ya simu inakuruhusu kuarifu wengine ulichokiona, ajali, barabara kufungwa, ukarabati. Kazi hiyo mwachie abiria, au simama pembeni kwanza, usiandike huku unaendesha. Ukiarifu, taja kilichotokea. Ukikuta onyo lililowekwa na mwingine na mbele pako wazi, simu ikikuuliza kama jambo hilo bado lipo, abiria wako ajibu kweli. Na kifaa kikikuonya bila kusema sababu, punguza mwendo, fungua redio, teremsha kioo, umuulize dereva anayetoka upande wa huko unakokwenda. Mkono ukitokeza dirishani na swali moja, kaka, huko kuna nini, utajibiwa.

Wiki hii usikilizaji wako uwe na kazi ndogo. Kama gari lako linazungumza Kijapani na linasema maneno mengine, tofauti na yale ya kadi, lirekodi kwa simu ukiwa umesimama, ututumie sauti hiyo studio. Tutamtafuta anayejua Kijapani, na tutakuja kuwatafsiria hapa hapa, sauti moja baada ya nyingine.